Ujumbe Usio na pa Kwenda

Mjumbe hauawi, walinena wahenga. Methali hii ilimkinga aliyetumwa, awe amebeba habari ya heri au ya shari. Haikusema lolote kuhusu ujumbe wenyewe. Je, ujumbe ukifika njia panda ukakuta hakuna njia iliyoandaliwa kwa ajili yake, hufanywaje? Hutupwa? Hurudishwa? Au huachwa hapo njiani huku aliyeutuma akiamini kwamba umefika, na aliyeungojea akiamini kwamba haukutumwa?

Swali hilo lilimkabili mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, msomi wa Kiswahili na tafsiri katika mojawapo ya vyuo vikuu vya humu nchini. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilikuwa kimekubaliana na chama cha wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi kuandaa, kwa Kiswahili, mwongozo wa zoezi ambalo wengi wanaoanza kujifunza uunganishaji wa mifumo hulipitia: kuunda programu ndogo ya kuelekeza jumbe, kisha kuihamishia kwenye seva ili ifanye kazi yake bila kusimamiwa na mtu. Mwongozo wa Kiingereza ulikuwa na kurasa nne tu. Baadhi ya wanakamati walidhani kwamba kazi hiyo ingemchukua siku mbili, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa machache. Binti huyo aliomba majuma matatu. Alishikilia kwamba mfasiri hawezi kutafsiri kitendo ambacho hajakitenda, na kwamba kabla ya kuandika neno moja angeuunda mradi huo mwenyewe, hatua kwa hatua, na kuuona ukifanya kazi. Akaazima kipakatalishi, akaombewa nafasi katika seva ya mafunzo, akaanza.

Ili kuelewa kilichokuwa mbele yake, yafaa kufafanua kwanza maana ya uelekezaji wa jumbe. Chuo kikuu, kwa mfano, huwa na mfumo wa karo, mfumo wa mitihani, mfumo wa maktaba na mfumo wa mabweni. Aghalabu mifumo hii huundwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, na kila mmoja huhifadhi habari kwa namna yake. Mwanafunzi anapolipa karo kwa simu ya mkononi, jambo lililozoeleka nchini Kenya baada ya huduma ya M-PESA kuanzishwa mwaka 2007, habari ya malipo hayo haina budi kusafiri kutoka mfumo mmoja hadi mwingine mpaka ifike kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuketi mtihani. Ikikwama mahali popote, kijana hujikuta amesimama nje ya ukumbi, risiti mkononi, huku wenzake wakiandika. Kazi ya programu ya kuelekeza jumbe ni kusimama katikati ya mifumo hiyo, kuupokea kila ujumbe, kuutazama, na kuamua uende wapi. Ni kazi ya tarishi na ya karani kwa pamoja.

Mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf walichapisha kitabu kiitwacho Enterprise Integration Patterns, ambamo walikusanya ruwaza 65 za kazi hiyo, kila moja ikiwa na jina lake na tatizo inalolitatua. Mwaka 2007 ukaanzishwa mradi huria wa Apache Camel, ambao ulizigeuza ruwaza hizo kuwa zana za kutumiwa na yeyote anayeandika programu kwa lugha ya Java. Camel ni ngamia. Jina hilo lilimchekesha binti, kwa kuwa miongoni mwa maneno yaliyowahi kupendekezwa kwa ajili ya tarakilishi ni “ngamizi”. Sadfa tu, lakini sadfa yenye kufaa: ngamia ni mnyama wa misafara, na kazi ya Camel ni kuchukua mizigo ya wengine na kuifikisha bila kuuliza ni ya nani.

Mfano uliochaguliwa ulikuwa mwepesi. Programu hulichungulia kabrasha moja, au folda kama wengi wanavyoliita. Ikikuta faili humo, huisoma. Faili yenyewe ni agizo la mteja lililoandikwa kwa XML, yaani maandishi ambayo kila kipande chake kimefungwa kati ya vitambulisho viwili vinavyoeleza kipande hicho ni nini. Programu hutafuta kitambulisho cha nchi ya mteja. Ikiwa ni Uingereza, faili hupelekwa kwenye kabrasha la Uingereza. Ikiwa ni Marekani, hupelekwa kwenye kabrasha la Marekani. Isipokuwa mojawapo ya hizo mbili, huenda kwenye kabrasha la tatu. Faili za majaribio huwa tano: mbili za Uingereza, mbili za Marekani na moja ya kwingineko. Kwa kuwa mwongozo ulikusudiwa wasomaji wa Kenya, binti alizibadilisha nchi kuwa miji: Mombasa, Kisumu na kwingineko. Maagizo yakawa ya vitabu. Faili ya tano akaipa mji wa Lodwar.

Hapo ndipo alipogundua tofauti ambayo ilimsaidia katika kazi yote iliyofuata. Katika maandishi yale mlikuwa na maneno ya aina mbili. Vitambulisho vya agizo vilikuwa mali ya mwandishi: aliweza kuandika “agizo”, “mteja” na “mji” na mashine isijali hata kidogo, kwa sababu XML humwachia mtu uhuru wa kuvipa vitambulisho majina ya lugha yake. Lakini maneno yanayoiambia Camel itende nini yalikuwa mali ya chombo chenyewe. Hayo hayakubali kutafsiriwa. Ukiyagusa, njia haifunguki. Mwongozo ungepaswa kuyaacha yalivyo na kuyaeleza pembeni kwa Kiswahili. Uamuzi huu unaonekana mdogo, lakini uliondoa ubishi uliokuwa umeanza chamani kati ya waliotaka kila neno lifanywe la Kiswahili na waliotaka kila neno liachwe kwa Kiingereza. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia maneno ya aina tofauti.

Aidha, hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Katika mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walihitaji maneno ya kufungua, kuhifadhi, kubandika na kufuta, yaani maneno ya mtu anayekaa mbele ya kioo. Mwongozo huu ulihitaji maneno ya mambo yanayotendeka wakati hakuna mtu mbele ya kioo.

Neno la kwanza lilipatikana bila taabu. Kujenga programu, kwa Kiswahili, ni kuiunda, na kuunda ni kitenzi cha mafundi wa vyombo vya bahari kabla hakijawa cha mtu mwingine yeyote. Neno la pili lilimsumbua. Kuihamishia programu kwenye seva na kuiwasha huko kungeitwaje? “Kusakinisha” lilikuwa limeshachukuliwa na jambo jingine. “Kupakia” lilieleza nusu tu ya kitendo, kwa kuwa mzigo uliopakiwa hautendi lolote. Akiwa mzaliwa wa Mombasa, alikumbuka kwamba chombo kikishaundwa pwani hakisemwi kwamba kimewekwa majini, hushuliwa. Kushua jahazi ni kulitelemsha kutoka mchangani lilikoundiwa hadi majini litakakofanya kazi. Alilipenda neno hilo kwa sababu ya ukweli uliomo ndani yake: jahazi lililo mchangani halivuji. Kalafati mbovu haionekani mpaka maji yaguse mbao.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika kipakatalishi mradi uliundwa kwa amri moja ya Maven, chombo kinachokusanya vipande vyote ambavyo programu inavihitaji, kuvipakua kutoka intaneti na kuvifunga pamoja. Akaziweka faili tano katika kabrasha la kupokelea. Mbili zikajitokeza Mombasa, mbili Kisumu, na ile ya Lodwar ikaenda kwenye kabrasha la tatu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuusoma ukurasa unaoeleza jambo hilo.

Seva ilikuwa na desturi nyingine. Ilikuwa ikiendesha Apache Karaf, mazingira yanayoweza kubeba programu nyingi kwa wakati mmoja huku kila moja ikiwa ndani ya kifurushi chake. Katika Karaf mna kabrasha maalumu. Kifurushi kikiwekwa humo, seva hukichukua yenyewe na kujaribu kukiamsha. Binti alikiweka kifurushi chake. Seva ikakipokea. Alipoitisha orodha ya vifurushi, chake kilikuwemo, lakini hali yake ilionyesha kwamba kimewekwa tu, hakikuwa kimeamka. Kabrasha la kupokelea halikuwepo. Hapakuwa na njia.

Sababu ilieleweka alipoiamuru seva ieleze kasoro ya kifurushi hicho. Katika kipakatalishi, Maven ilikuwa imeleta kila kitu kimyakimya, mithili ya mama wa nyumbani ambaye wageni hula wakasifu chakula bila kujua alikwenda soko ngapi. Karaf haifanyi hivyo. Kila kifurushi hutaja wazi kinachokihitaji, na seva hukataa kukiamsha mpaka mahitaji hayo yawepo ndani yake. Zana za Camel zenyewe hazikuwa zimewekwa kwenye seva ile. Alipoziongeza, kifurushi kikaamka chenyewe bila kuwekwa upya.

Hata hivyo, faili tano alizoziweka katika kabrasha lake hazikusogea. Jambo hili nalo lilikuwa na maelezo. Maandishi ya mradi yalitaja kabrasha la kupokelea kwa jina fupi, bila kusema linaanzia wapi. Katika kipakatalishi jina hilo lilihesabiwa kuanzia mahali mradi ulipo. Katika seva lilihesabiwa kuanzia makao ya Karaf, na Camel, kwa desturi yake, ilikuwa imejiundia kabrasha jipya huko na ilikuwa ikilichungulia kila nusu sekunde kwa uaminifu mkubwa. Faili zilikuwa mlango mmoja na karani alikuwa mlango mwingine. Mwongozo wa Kiingereza ulikuwa umelitaja jambo hili kwa sentensi moja ambayo mtu hawezi kuiona uzito wake mpaka yamfike. Katika rasimu ya Kiswahili sentensi hiyo ikawa aya nzima.

Njia ilipofanya kazi, alibakiwa na neno moja ambalo alikuwa ameliruka mara mbili katika rasimu na kuliachia nafasi tupu. Ni lile linaloiambia Camel ifanye nini iwapo hakuna sharti lililotimia. “La sivyo” lilisikika kama kitisho: lipa, la sivyo utaona. “Vinginevyo” lilikuwa sahihi kisarufi, lakini lilizungumzia namna, ilhali jambo lenyewe lilihusu vitu, tena vitu vyenye wenyewe. Kabla ya kuamua, alitaka kujua kama kipengele hicho ni pambo au ni nguzo. Akafanya anavyofanya mfasiri anapolishuku neno katika sentensi: akaliondoa ili aone ni nini kitaanguka.

Aliunda mradi upya bila kipengele hicho, akaushua, akaweka faili tano. Faili nne zikafika. Kabrasha la kupokelea likawa tupu. Akaifungua kumbukumbu ya seva, ambamo makosa yote huandikwa. Hapakuwa na kosa. Kwa mujibu wa seva kila kitu kilikuwa kimekwenda vyema. Agizo la Lodwar halikuwa Mombasa, halikuwa Kisumu, wala halikuwa pale lilipowekwa.

Ilimchukua muda kulipata. Camel ikimaliza kuishughulikia faili, huihamisha faili hiyo ya awali hadi kabrasha dogo ambalo jina lake huanza kwa nukta, na katika mashine za Linux jina linaloanza kwa nukta halionyeshwi katika orodha ya kawaida. Humo mlikuwa na faili zote tano za awali, ile ya Lodwar ikiwa miongoni mwazo. Ilikuwa imewekwa pamoja na zilizohudumiwa, kana kwamba nayo imefika. Programu haikudanganya. Iliulizwa maswali mawili, yote mawili jibu likawa hapana, na kwa kuwa haikuambiwa la kufanya baada ya hapo, ikahesabu kwamba kazi imekwisha.

Jioni hiyo alimpigia simu babake. Mzee huyo alikuwa ameajiriwa mwaka 1978 katika Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa mwaka mmoja kabla, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo kuvunjika. Aliendelea na kazi hata shirika hilo lilipogawanywa mwaka 1999 na huduma ya barua ikabaki kuwa shirika linalojitegemea, akastaafu mwaka 2015. Miaka mingi kati ya hiyo alikuwa chumba cha kupangia barua, akisimama mbele ya rafu ya mbao yenye vijumba vingi. Barua za Nairobi kijumba chake, za Nakuru chake, za Kisumu chake. Alizijua namba za posta kama watu wengine wanavyojua tarehe za kuzaliwa za watoto wao: 00100 Nairobi, 20100 Nakuru, 30100 Eldoret, 40100 Kisumu, 80100 Mombasa.

Baada ya maamkizi na kujuliana hali, binti alimuuliza, “Baba, zile barua zisizokuwa na kijumba mlikuwa mkizifanyaje?”

“Hakuna barua isiyokuwa na kijumba, mwanangu,” alijibu mzee. “Kuna barua ambayo karani hajaijua bado. Hiyo nayo ina kijumba chake.”

Akaeleza. Kijumba hicho kilikuwa chini, upande wa kulia, na hakikuwa na jina la mji. Kila siku karani mmoja alipangiwa kukifungua. Alizisoma zile anwani zilizoandikwa kwa mkono mbovu, zilizotaja jina la kijiji bila sanduku la posta, au zilizoandikwa jina la mji kama mtu anavyolitamka kwao. Nyingi alizitambua. Zilizomshinda alizitazama nyuma ili kuona kama aliyetuma ameandika anwani yake, azirudishe. Zilizobakia ziliandikwa katika daftari na kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kuzifungua.

“Na huyo karani akiwa mgonjwa?” binti aliuliza.

“Hupangiwa mwingine. Kijumba hicho hakilali na barua za jana. Sasa niambie, mwanangu, hicho cha mashine yenu hufunguliwa na nani?”

Binti hakuwa na jibu. Alikuwa akitafuta neno, na babake alikuwa amemuuliza habari ya mtu.

Usiku huo alifanya jaribio jingine. Alikirudisha kile kipengele, kisha akaongeza faili ya sita ambayo mji wake ulikuwa Mombasa, lakini jina limeandikwa kwa herufi ndogo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa jicho la binadamu huo ni mji uleule. Kwa programu, “mombasa” na “Mombasa” ni maneno mawili yasiyohusiana. Faili ikaenda kukaa na ile ya Lodwar. Karani wa posta angecheka na kuitia katika kijumba cha 80100 bila kusita. Ama kwa hakika, makabrasha ya namna hiyo hujaa zaidi kwa mambo madogo ya aina hii kuliko kwa miji isiyojulikana: herufi iliyopungua, nafasi iliyozidi, jina la mtu lililoandikwa kwa mpangilio tofauti. Mwanafunzi aliyelipa karo yake shilingi kwa shilingi, ila akakosea tarakimu moja ya namba yake ya usajili, yumo humo. Hela zake zimefika chuoni. Yeye ndiye ambaye hajafika.

Basi neno likapatikana. Katika mwongozo, kabrasha la tatu aliliita “Zilizosalia”, neno ambalo babake alilitumia mara tatu katika mazungumzo yale bila kulitilia maanani. Lina kiambishi cha ngeli ndani yake, hivyo linamlazimu msomaji kujiuliza: zipi hizo? Barua, hela, faili, habari? Kitu chochote kilichosalia ni sehemu ya kile kilichohesabiwa. Fauka ya hayo, aliongeza hatua mbili ambazo hazikuwamo katika mwongozo wa Kiingereza. Hatua ya kwanza iliiamuru njia iandike, katika kumbukumbu ya seva, jina la kila faili inayopelekwa huko. Ya pili haikuwa ya programu kabisa. Ilikuwa sentensi moja inayomtaka kila atakayeushua mradi kama huo aandike, kabla ya kuuwasha, ni nani atakayelifungua kabrasha hilo na ni saa ngapi.

Kamati ilipokutana, rasimu ilikuwa na kurasa saba. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na bajeti ya uchapishaji mbele yake, alitaka zipunguzwe hadi nne.

“Dada, huu ni mwongozo wa wanaoanza,” alisema. “Mfano unafanya kazi hata bila hicho kipengele. Hao wa tarakilishi watakisoma mwaka ujao katika somo lao.”

“Ndugu Mwenyekiti,” alijibu, “mfano haufanyi kazi bila kipengele hicho. Unaonekana tu kama unafanya kazi.”

Akaomba nafasi aonyeshe. Akaushua mradi usio na kipengele kile, akaweka faili tano, akawaomba wanakamati waitafute ya tano. Waliitafuta. Wanachama wawili wa chama cha tarakilishi waliokuwa wamealikwa walitazama kumbukumbu ya seva, wakatikisa vichwa, wakasema hakuna kosa lolote lililoandikwa. Alipowafungulia lile kabrasha lenye nukta, chumba kilikaa kimya kidogo. Kisha mlezi wa chama, mhadhiri aliyekuwa ameketi nyuma akisahihisha karatasi za mtihani, akauliza kwa upole ikiwa alama za wanafunzi nazo hupelekwa kwa namna hiyo. Mmoja wa wale wageni wawili akamjibu kwamba programu za kufanya kazi kama hiyo ni nyingi, lakini swali la kuiuliza kila mojawapo ni lilelile.

Kurasa za Zilizosalia zikapitishwa. Neno “kushua” halikupita. Wanachama waliotoka bara walisema kwamba hawajawahi kulisikia, na mmoja akauliza, si kwa mzaha, jahazi limeingiaje Kakamega. Binti alijaribu kuwaeleza habari ya mchanga na maji. Walimsikiliza, wakalisifu neno, wakapiga kura. Kilichochapishwa ni “kuhamishia kwenye seva na kuwasha”, maneno matano mahali pa moja. Alikubali. Mwongozo ni wa kufuatwa na watu, na neno lisilojulikana na nusu ya wasomaji, hata likiwa zuri namna gani, nalo ni ujumbe usio na pa kwenda. Ukurasa mmoja wa maelezo ya historia ukaondolewa, na mwongozo ukatoka ukiwa na kurasa sita.

Kuna funzo hapa kwa wale wanaojishughulisha na istilahi za Kiswahili, na si lile la kila siku kwamba lugha hii inaweza. Kwamba inaweza lilikwisha kuonyeshwa zamani, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza, ilikichukulia hivyo. Funzo ni kuhusu mahali pa kutafuta. Mara nyingi mwenye kuunda istilahi huanza na kamusi, kisha huchukua mzizi, huutia viambishi, na neno huzaliwa likiwa safi lakini halijawahi kufanya kazi. Waliozitaja ruwaza za kuelekeza jumbe kwa Kiingereza hawakuanzia huko. Waliitwaa posta. Ruwaza ya ujumbe ulioshindikana kufikishwa waliipa jina la barua mfu, jina ambalo makarani wa posta za Ulaya na Marekani walilitumia kabla ya tarakilishi kuwepo. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na posta. Ilikuwa na matarishi, na makarani wa bandari, na matingo waliojua kwa kutazama mzigo kwamba huu ni wa kushushwa Voi na ule ni wa kufika Malaba. Watu hao walikuwa na maneno ya kila jambo ambalo programu hizi hufanya, na waliyasema kwa Kiswahili. Wengi wao wamestaafu. Wakiulizwa, hujibu.

Tena, majibu yao huja na kitu zaidi ya neno. Aliyeifanya kazi kwa mikono yake hulijua jina la kijumba, na pia hujua ni zamu ya nani kukifungua. Mashine imeondoa rafu, imeondoa vijumba, na kazi ya siku nzima imeifanya kuwa ya nusu sekunde. Zamu haikuiondoa. Iliiacha tu bila jina la mtu, na pasipo jina kila mmoja hudhani kwamba ni ya mwenzake. Mwongozo wowote utakaoandikwa baada ya huu, kwa lugha yoyote, unaweza kupunguzwa hatua nyingi na mradi bado ukaunda na kuwaka. Hatua ya kumtaja mwenye zamu isipunguzwe.